Kufundisha Kupima Ushahidi kwa Kisa cha Upelelezi

Muhula uliopita niliwaonyesha walimu wanafunzi wangu filamu moja ya zamani ya upelelezi. Ilipokwisha niliwauliza swali jepesi: "Yule mwanamke mlaghai alivaa vazi la rangi gani?" Karibu darasa zima likajibu kwa sauti moja, "Kijani!" Nikawauliza ni nani miongoni mwao aliyeuona ukijani huo kwa macho yake. Kimya kikatanda, kisha mmoja akaangua kicheko, na wengine wakamfuata. Filamu ile haina rangi. Tangu mwanzo hadi mwisho ni nyeusi na nyeupe, na kila vazi lililopita mbele yao lilionekana kijivu. Jina la filamu ndilo lililotaja kijani, na swali langu likaikamilisha kazi iliyoanzwa na jina.

Wanafunzi wale hawakusema uongo. Walijibu kama watu wanyofu wajibuvyo wanapoulizwa na mtu wanayemwamini: walichukulia kwamba anayeuliza anajua, nao wakatafuta jibu la kumridhisha. Ikiwa watu wazima, tena walimu wa kesho, waweza kuongozwa hivyo katika jambo lisilo na madhara, itakuwaje kwa mtoto wa miaka tisa anayesimama peke yake ofisini na kuulizwa, "Fedha umezificha wapi?"

Makala haya yana madhumuni matatu. Kwanza, kueleza filamu hiyo na jambo linaloitwa hipnosi, ambalo ndilo kiini cha kisa chake. Pili, kuonyesha jinsi maneno ya mkubwa yanavyoweza kupanda kitu katika fikra za mdogo pasipo uganga wowote. Tatu, kumpa mwalimu mwanafunzi andalio la somo la vipindi viwili ambalo anaweza kulitumia wakati wa mazoezi ya kufundisha, hata katika shule isiyo na umeme.

Filamu yenyewe

Filamu ninayoizungumzia inaitwa The Woman in Green, yaani Mwanamke Mwenye Vazi la Kijani. Ilitengenezwa Marekani na kampuni ya Universal, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1945. Mwongozaji wake alikuwa Roy William Neill, na mswada uliandikwa na Bertram Millhauser. Mpelelezi Sherlock Holmes aliigizwa na Basil Rathbone, Mwingereza aliyezaliwa Johannesburg, Afrika Kusini, mwaka 1892. Rafiki yake Daktari Watson aliigizwa na Nigel Bruce. Kati ya mwaka 1939 na 1946 wawili hao waliigiza pamoja katika filamu 14 za mpelelezi huyo, ambaye aliumbwa na mwandishi Arthur Conan Doyle.

Ilikuwa filamu ya gharama ndogo. Majumba ya sinema ya Marekani wakati ule aghalabu yalionyesha picha mbili kwa tiketi moja: moja ndefu iliyogharimu fedha nyingi, na nyingine fupi iliyotengenezwa haraka. The Woman in Green ni ya fungu hilo la pili. Urefu wake ni dakika 68 tu, na London inayoonekana humo ilijengwa ndani ya studio huko California. Kwa mwalimu unyonge huo una faida yake. Filamu isiyo na fahari ya mandhari hutegemea mazungumzo, nyuso za waigizaji na fumbo lililofungwa vizuri, na fumbo la namna hiyo laweza kusimuliwa kwa mdomo na kipande cha chaki.

Kisa kwa ufupi ni hiki. Wanawake wanauawa katika mji wa London, na kila maiti hukutwa imekatwa kidole cha shahada. Polisi wanadhani ni kazi ya mwendawazimu. Bwana mmoja mwenye cheo na mali, Sir George Fenwick, anatumia jioni pamoja na mwanamke aitwaye Lydia Marlowe. Asubuhi anaamka katika chumba cha kupanga cha hali ya chini, asijue alifikaje pale. Anapata habari kwamba usiku ule mwanamke mwingine ameuawa karibu na mahali hapo. Anatia mkono mfukoni, na anachokitoa ni kidole cha mtu.

Tangu dakika hiyo Fenwick hana shaka tena: yeye ndiye muuaji. Anatokea mtu anayedai kuijua siri yake, naye anataka fedha ili anyamaze. Binti yake Fenwick anamwona baba yake usiku akifukia kitu bustanini. Anakifukua, anakiona, na kwa hofu anakipeleka kwa Holmes. Lakini Holmes anapofika nyumbani kwa Fenwick anamkuta amekwisha kuuawa.

Polepole ukweli unadhihirika. Mwendawazimu hakuwapo. Mauaji yalipangwa na Profesa Moriarty, mtu mwenye akili nyingi na moyo mgumu. Matajiri walichaguliwa mmoja mmoja. Lydia aliwatia katika hali ya hipnosi ili wapotewe na kumbukumbu za usiku mzima. Kidole kikatiwa mifukoni mwao, nao wakatozwa fedha kwa kosa wasilolitenda. Mwishoni Holmes anajifanya ameshikwa na hipnosi, anakubali hata kutembezwa ukingoni mwa ghorofa, mpaka polisi wanapoingia. Moriarty anakufa kwa kuanguka akijaribu kutoroka.

Sehemu moja ya kuchekesha inamhusu Daktari Watson. Katika klabu ya watu wanaochunguza hipnosi anajigamba kwamba upuuzi huo hauwezi kumpata mtu mwenye akili timamu. Punde si punde yeye mwenyewe anatekwa, anavua kiatu mbele ya watu, na akizinduka anaendelea kubisha kwamba hakuna lililotokea. Nawaomba walimu wanafunzi wamkumbuke Watson kila wanapojiambia, "Mimi siwezi kuwaongoza watoto kwa maswali yangu."

Sasa tuangalie ushahidi alionao Fenwick dhidi ya nafsi yake. Hakumbuki usiku ulivyopita. Aliamka karibu na mahali pa mauaji. Ana kidole mfukoni. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonyesha kwamba aliua. Asiyekumbuka hajathibitika kuwa ametenda. Aliyekuwa karibu hajathibitika kuwa alihusika. Na kitu kilichomo mfukoni chaweza kuwa kimetiwa na mkono wa mtu mwingine. Fenwick hakujiuliza swali lililokuwa muhimu kuliko yote: "Nani mwingine angeweza kukiweka hapa, na kwa faida gani?" Alipokosa kuuliza swali hilo, mtu mwenye sauti ya uhakika alimjibia.

Hipnosi ni nini?

Wanafunzi wetu wakisikia habari hizi watasema mara moja kwamba huo ni uchawi, au kiini macho, au mazingaombwe. Mwalimu hana budi kuwa na maelezo yaliyo sahihi.

Katika karne ya 18 daktari Franz Anton Mesmer alifanya kazi Vienna na baadaye Paris. Alidai kwamba miili ya viumbe ina nguvu ya sumaku, na kwamba yeye aweza kuielekeza nguvu hiyo na kuponya maradhi. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume ya wataalamu ichunguze madai hayo. Miongoni mwao walikuwamo mwanakemia Antoine Lavoisier na Benjamin Franklin wa Marekani. Katika jaribio moja, mti mmoja bustanini ulitiwa ile iliyodaiwa kuwa nguvu ya sumaku. Kijana wa miaka 12, aliyefungwa kitambaa machoni, akaongozwa kutoka mti hadi mti. Alizirai kwenye mti wa nne, ambao haukuguswa kabisa, ilhali mti wenyewe ulikuwa mbali naye. Tume ikahitimisha kwamba lililomwangusha kijana ni fikra yake mwenyewe na matarajio aliyokuwa amepewa.

Katika miaka ya 1840 daktari mpasuaji James Braid, Mskoti aliyefanya kazi Manchester, aliliangalia jambo hilo upya, akaliacha dai la sumaku, akaeneza neno linalotokana na usingizi kwa Kigiriki. Baadaye yeye mwenyewe aliona kwamba si usingizi hasa. Wataalamu wa leo hueleza hipnosi kuwa hali ya mtu kukusanya mawazo yake mahali pamoja na kuwa tayari kufuata maelekezo ya mwingine. Watu hutofautiana sana katika jambo hili: wapo wanaofuata kwa urahisi, na wapo ambao hawafuati kabisa. Baadhi ya matabibu huitumia kupunguza maumivu. Lakini haimgeuzi mtu kuwa mashine isiyo na hiari kama sinema zinavyopenda kuonyesha, wala haifungui kumbukumbu kama mtu afunguavyo sanduku. Uchunguzi umeonyesha kwamba anayeulizwa akiwa katika hali hiyo aweza kutoa kumbukumbu za mambo ambayo hayakutokea, na akaziamini kwa moyo wote.

Hapo ndipo filamu yetu ya gharama ndogo inaposema kweli kuliko ilivyokusudia. Maua na maji aliyotumia Lydia kumlaza mtu ni mapambo ya sinema. Yaliyomwangamiza Fenwick ni mambo ya kawaida ambayo tunayo hata katika shule zetu: hofu, upweke, kitu kimoja chenye kutisha, na mtu mwenye mamlaka anayesema, "Najua ulilolifanya."

Alichokigundua Binet

Walimu wanafunzi wanalijua jina la Alfred Binet kwa sababu ya kipimo cha akili alichokitoa pamoja na Théodore Simon mwaka 1905. Ni wachache wanaojua kwamba kabla ya hapo Binet aliwahi kukosea vibaya. Katika miaka ya 1880, akiwa Paris, yeye na mwenzake Charles Féré walitangaza kwamba sumaku inaweza kuhamisha dalili za mgonjwa aliye katika hipnosi kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine. Mtaalamu wa Ubelgiji, Joseph Delboeuf, alionyesha kosa lao: walikuwa wakizungumza mbele ya mgonjwa juu ya lile walilolitarajia, na mgonjwa akawa analitimiza. Hatimaye Binet alikubali kwamba alikosea.

Hakuishia kuona aibu. Aligeukia shule, akachunguza jinsi watoto wanavyoathiriwa na maneno ya mkubwa, na mwaka 1900 akatoa kitabu juu ya jambo hilo. Katika jaribio moja aliwaonyesha watoto kadi yenye vitu sita kwa muda mfupi. Kimojawapo kilikuwa kifungo kilichogundishwa kwa gundi. Baadhi ya watoto waliombwa waeleze tu waliyoyaona. Wengine waliulizwa maswali, na baadhi ya maswali hayo yalibeba uongo ndani yake, mathalani kuulizwa rangi ya uzi uliofunga kifungo. Uzi haukuwapo. Walioachwa waeleze wenyewe walikosea kidogo kuliko wote, na waliopewa maswali yenye uongo ndani yake walikosea zaidi. Swali lenyewe, basi, linaweza kumtengenezea mtoto jibu la uongo.

Kosa langu

Naomba niseme sasa kwa nini jambo hili linanigusa. Kabla ya kujiunga na chuo kama mkufunzi nilifundisha shule ya msingi kwa miaka kadhaa. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi, fedha za mchango wa karatasi za mtihani wa majaribio zilipotea. Nilizikusanya mwenyewe, nikaamini kwamba niliziweka katika mtoto wa meza yangu darasani. Mvulana mmoja wa Darasa la IV alikuwa ameonekana akiwa peke yake darasani wakati wa mapumziko. Nilimwita ofisini. Sikumuuliza alifanya nini wakati ule. Nilimwuliza, "Umezitumiaje zile fedha?"

Mara ya kwanza alikana. Mara ya pili alikaa kimya. Mara ya tatu alisema alinunua maandazi. Nikamwuliza na zilizobaki je. Akasema alinunua mpira, nao mpira umechukuliwa na wakubwa asiowajua. Niliona kwamba maelezo hayo yana mambo mengi mno kuwa ya uongo. Aliadhibiwa. Mama yake aliitwa, akauza kuku, akalipa.

Baada ya wiki mbili, nilipokuwa nikifunika upya daftari la mahudhurio lililochakaa, noti zile zilidondoka kutoka ndani ya jalada. Nilikuwa nimeziweka huko mwenyewe ili zisipotee.

Niliwarudishia fedha zao na kuwaomba radhi, mtoto na mama yake, nikalieleza darasa zima kosa langu. Kisha nikamwuliza mtoto kwa upole kwa nini alikiri jambo ambalo hakulitenda. Alitazama chini kwa muda, akajibu, "Mwalimu, wewe ulikuwa umeshajua."

Aliendelea kuja shuleni, lakini kwa muda wote niliobaki pale hakunyosha mkono tena katika vipindi vyangu. Nilipoitazama filamu hii miaka mingi baadaye na kumwona Fenwick akiangalia kile kidole mkononi mwake, sikumwona bwana wa London. Nilimwona mtoto yule, na mpira ambao haukuwapo kabisa.

Somo lenyewe

Andalio lifuatalo limekusudiwa Darasa la VI, somo la Kiswahili, vipindi viwili mfululizo, jumla ya dakika 80. Lengo mahususi: mwishoni mwa somo kila mwanafunzi aweze kutofautisha jambo lililoonekana, jambo lililoambiwa na jambo lililodhaniwa, na aweze kuunda angalau maswali matatu yasiyobeba jibu ndani yake. Zana: sinia, kitambaa cha kuifunika, na vitu sita, ambavyo ni kifungo kilichogundishwa juu ya kipande cha boksi, sarafu, stempu, ufunguo, kipande cha chaki na punje ya hindi.

Hatua ya kwanza, dakika 15. Onyesha sinia kwa muda mfupi, kisha uifunike. Ligawe darasa mafungu mawili. Fungu la kwanza lipewe karatasi isemayo, "Andika vyote ulivyoviona." Fungu la pili lipewe karatasi yenye maswali: "Uzi wa kifungo ulikuwa na rangi gani?" na "Ufunguo ulikuwa upande gani wa kisu?" Uzi haupo wala kisu hakipo. Majibu yakisomwa, funua sinia. Watoto watacheka, nawe uwaache wacheke. Lakini usikose kuwaambia wa fungu la pili kwamba kosa lilikuwa la swali, si lao.

Hatua ya pili, dakika 25. Soma kisa hiki mara mbili:

"Asubuhi ya Jumatatu kengele ya shule haikuwapo juu ya meza yake. Juu ya meza palikuwa na alama ya jivu. Shabani alisema kwamba Ijumaa jioni alimwona Rehema akitoka upande wa ofisi. Watoto wakasema Rehema ndiye aliyeichukua, kwa kuwa amezoea kulalamika kwamba kengele hupigwa mapema mno. Mwalimu wa zamu akamwuliza Rehema, 'Kengele umeipeleka wapi?' Rehema akalia, akasema, 'Nisamehe, mwalimu.' Mpishi alisema kwamba Ijumaa kuna mwanafunzi aliyeomba jivu jikoni, lakini hakumtazama sura. Kiranja wa usafi hakufika shuleni siku hiyo kwa sababu ya homa."

Chora ubaoni safu tatu: Tumeona, Tumeambiwa, Tumedhani. Wanafunzi waweke kila taarifa katika safu yake. Wataona upesi kwamba safu ya kwanza ina mambo mawili tu: meza isiyo na kengele, na alama ya jivu. Kisha uliza, "Maneno 'Nisamehe, mwalimu' yametuambia nini juu ya kengele?" Usiharakishe jibu. Waache wabishane mpaka waone kwamba hayakusema lolote juu ya kengele. Yamesema tu kwamba Rehema anaogopa. Mwisho eleza yaliyotokea: Jumanne kiranja wa usafi alirudi, akafungua stoo, na kengele ikaonekana iking'aa. Aliisugua kwa jivu siku ya Ijumaa, akaifungia humo. Rehema alikwenda ofisini kuchukua daftari lake.

Hatua ya tatu, dakika 25. Andika ubaoni maswali mabovu, nao wanafunzi wakiwa wawili wawili wayatengeneze. "Kengele umeipeleka wapi?" yaweza kuwa, "Ijumaa jioni ulifanya nini baada ya masomo?" "Shabani alikuona, sivyo?" yaweza kuwa, "Ulikutana na nani?" "Kwa nini umeichukua?" yaweza kuwa, "Unajua nini juu ya kengele?" Halafu waigize: mmoja awe mwalimu wa zamu, mwingine Rehema. Darasa linyoshe mkono kila linaposikia swali lililobeba jibu. Hapo mwalimu mwenyewe ajiandae kunyoshewa mkono.

Hatua ya nne, dakika 15. Kila mwanafunzi aandike aya ya sentensi sita akimweleza mwalimu wa zamu ni nini kilichojulikana Jumatatu asubuhi na ni nini kilichokuwa bado hakijulikani. Aya hiyo ndiyo itakayokuwa kipimo cha somo. Anayeandika "Rehema alichukua kengele" hajalielewa somo. Anayeandika "Shabani alisema kwamba alimwona Rehema" ameelewa, na amejifunza vilevile kazi ya usemi wa taarifa.

Mwalimu akitaka kuendelea katika vipindi vya kusoma, lugha yetu ina hazina yake. Riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, ina mpelelezi Bwana Msa, mvuta kiko kama Holmes, na rafiki yake Najum. Humo mauaji yanahusishwa na mahali panapoogopwa kwa ajili ya mizimu, lakini Bwana Msa anamtafuta muuaji kwa kufikiri. Kwa Darasa la VI yatosha kusimulia sehemu zinazofaa. Walimu wanafunzi wenyewe waisome yote.

Tahadhari

Kwanza, filamu hii si ya kuonyeshwa watoto. Ina mauaji na viungo vilivyokatwa. Ni ya kujadiliwa chuoni. Darasani apelekwe Rehema na kengele yake.

Pili, mwalimu asijaribu hipnosi kwa wanafunzi, hata kwa mzaha.

Tatu, somo hili lisifundishwe wiki ambayo kitu kimepotea kweli shuleni, maana litageuka kuwa baraza la kumtafuta mwizi.

Nne, tusiwafundishe watoto kwamba kila anayekiri hasemi kweli. Wapo wanaokiri kwa haki, nao wanastahili kusifiwa kwa ujasiri wao. Tunachofundisha ni kwamba ungamo nalo hupimwa: je, linalingana na mambo yaliyoonekana? Mtoto yule alitaja mpira. Kama ningemwomba anipeleke dukani aliponunua, ningejua ukweli kabla ya jua kuzama.

Tano, kitu kinapopotea, mwalimu aanze kutafuta mahali pake mwenyewe: mfukoni, mkobani, ndani ya madaftari. Kisha aulize watoto kadhaa, siyo mmoja tu, kwa maswali wazi, na aandike maneno yao kama walivyoyasema. Asitumie fimbo kutafuta ukweli, kwa sababu mtoto anayepigwa hutafuta neno litakalosimamisha fimbo, na neno hilo si lazima liwe la kweli.

Hitimisho

Huenda msomaji akauliza kama yote haya yana uzito kwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye silabasi ya kumaliza. Nami namjibu kwamba katika nchi yetu wapo wazee waliopoteza maisha kwa sababu mpiga ramli alisema jina, na jirani wakaona kuwa jina limetosha. Waliobeba mapanga usiku huo waliwahi kuwa watoto, na wengi wao waliketi katika madarasa. Mtoto aliyezoea kuuliza, "Hili tumeliona, au tumeambiwa?" atakuwa na swali la kuuliza pia siku atakapokuwa mtu mzima na ramli ikapigwa kijijini kwake.

Mwalimu naye afundishike. Binet alikubali kosa lake, kisha akafanya kazi iliyowafaa walimu wengine baada yake. Sisi tulio na makosa madogo na ya siri zaidi tunaweza kufanya vivyo hivyo, kila mmoja katika darasa lake.

Maswali ya kujadili

1. Taja mambo matatu yaliyomfanya Sir George Fenwick aamini kwamba ameua. Kwa kila jambo, eleza sababu nyingine inayoweza kulifafanua.

2. Kijana wa mwaka 1784 alizirai kwenye mti usio sahihi. Eleza jinsi jaribio hilo linavyofanana na jaribio la Binet la mwaka 1900, na jinsi yanavyotofautiana.

3. Kumbuka siku ulipoulizwa na mkubwa swali lililobeba jibu ndani yake. Andika swali lenyewe, kisha uliandike upya kama ambavyo lingepaswa kuulizwa.

4. Wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwombe mwenzako akae nyuma ya darasa lako kwa kipindi kimoja na aandike kila swali utakalouliza. Hesabu maswali yaliyobeba majibu. Uje nayo chuoni tuyajadili.